Maumivu yaliisha, mfupa haujaunga: kisa cha mtulinga wa dereva wa bodaboda, Tanga

Kabla ya kisa

Mhusika ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina la Bakari nimempa mimi, kijiwe chake sikitaji, na umri nimeusogeza kidogo. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea mimi. Kazi yangu ni fiziotherapia. Hapa mjini kila mwenye koti jeupe ni "dokta", nami nilishachoka kusahihisha watu.

Bakari na pikipiki yake

Ni baba wa watoto wawili, miaka thelathini na kidogo, anaendesha bodaboda Ngamiani na Makorora, na mara moja moja hufika stendi ya Kange au Pongwe. Pikipiki ni ya mkataba: miezi 14, hesabu 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na Ijumaa ni yake. Mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Alipoanguka alikuwa mwezi wa tisa. Tajiri wake ni mama mmoja mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Kwenye karatasi waliyosainiana kuna kifungu kinachosema hesabu isipopelekwa wiki mbili mfululizo, mwenye chombo ana haki ya kukichukua.

Naomba msomaji akikumbuke kifungu hicho. Mimi sikujua kwamba kipo, na sikuuliza.

Siku ya 1 hadi ya 35

Ilikuwa mwezi 20 Shaabani, asubuhi, Mikanjuni. Alimkwepa mbuzi, tairi la mbele likazama kwenye mchanga, pikipiki ikalala kushoto, naye akatua na bega. Abiria hakuwa naye, na kofia ngumu alivaa. Wengi hudhani mtulinga, yaani mfupa unaotoka kifuani hadi begani, huvunjika mtu anapojikinga kwa kiganja. Mara nyingi zaidi ni kama ilivyomtokea Bakari: bega linagonga chini moja kwa moja, na mfupa unakatika katikati, pale ulipo mwembamba na pasipo na misuli mingi ya kuukinga. Kwa watu wazima, karibu mitulinga minane kati ya kumi inayovunjika huvunjikia hapo katikati.

Eksirei ilionyesha vipande viwili vilivyopandana kidogo. Kipande cha upande wa shingo kilikuwa kimevutwa juu na msuli wa shingo, na cha upande wa bega kimeshuka kwa uzito wa mkono. Ngozi haikuwa imesukumwa na ncha ya mfupa, vidole vilikuwa na joto na hisia, na pumzi ilikuwa sawa. Hayo matatu huangaliwa mwanzo kabisa, kwa kuwa chini ya mtulinga hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu iendayo mkononi, na ncha ya juu ya pafu iko jirani. Mtu akianguka hivi halafu mkono ukawa wa baridi, ukafa ganzi, au pumzi ikawa fupi, asingoje asubuhi.

Akapewa dawa ya maumivu na maelekezo ya kutundika mkono. Kitambaa cha hospitali hakikuwepo siku hiyo, basi mkewe akamfunga kwa kanga, na kwa kweli aliifunga vizuri kuliko wengi wetu. Kwenye daftari paliandikwa: apumzike, arudi baada ya wiki sita.

Siku ya 10 akaja kwangu. Nikamwonyesha namna ya kufungua na kufumba vidole, kukunja na kunyoosha kiwiko, na kuinama huku mkono ukining'inia na kupembea kama pendulamu ya saa ya ukutani, bila kuuinua juu ya bega. Akafanya vyema. Wakati anavaa shati akaniuliza, "Dokta, kazini narudi lini?" Nje kulikuwa na foleni. Nikamjibu, "Maumivu yakiisha, utaanza shughuli zako taratibu."

Kichwani mwangu "shughuli" zilikuwa kuoga mwenyewe, kuvaa shati, kubeba kikombe. Dereva wa bodaboda ana shughuli moja tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi, kama alivyonisimulia baadaye. Wiki ya pili mama yake alimpeleka kwa mzee anayekanda viungo. Akapakwa mafuta ya nazi ya moto na kuchuliwa palepale palipovunjika, mara mbili. Wiki ya tatu akaivua kanga kwa kuwa joto lilimzidi na shingo inamuuma. Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Mchana havuti sigara, lakini baada ya futari hufidia zote. Wiki ya nne akanunua diklofenaki duka la dawa, kidonge kimoja kwenye futari na kimoja kwenye daku, na maumivu yakaisha kabisa. Bila shaka yaliisha! Diklofenaki ndiyo kazi yake.

Katika wiki hiyohiyo rafiki wa kijiweni akamwonyesha kwenye simu video ya Jorge Lorenzo, yule Mhispania wa MotoGP, mbio za pikipiki za dunia. Kisa hicho ni cha kweli. Mwaka 2013 alivunjika mtulinga Alhamisi mjini Assen, Uholanzi, akarushwa kwa ndege hadi Barcelona akawekewa chuma na skrubu 8, na Jumamosi akakimbia, akamaliza wa tano. Video inaishia hapo. Haionyeshi kwamba wiki mbili baadaye, Ujerumani, alianguka mazoezini, chuma kikapinda, akarudishwa chumba cha upasuaji na mbio hizo hakukimbia. Msimu ulipoisha alikosa ubingwa kwa pointi 4. Na Bakari hakuwa na chuma wala skrubu, alikuwa na kanga, ambayo alishaivua.

Mfungo wa 26

Siku ya 33 Mwalimu alipiga simu. Hakugomba. Aliuliza hali, kisha akauliza kama pikipiki ipo. Bakari alikuwa ameifungia chumbani wiki zote hizo. Hakumpa mtu aendeshe, kwa sababu alihofia injini kuuliwa, na zaidi alihofia Mwalimu akimzoea huyo mwingine asimrudishie chombo. Hesabu zilizolala, siku sita kwa wiki kwa 10,000, zilikuwa zinakaribia 300,000.

Anayeijua Tanga anajua kumi la mwisho la Ramadhani. Baada ya tarawehe Ngamiani inafurika watu, nguo za watoto, viatu, mapazia, na kila mmoja anataka kufikishwa mlangoni. Dereva anaweza kuingiza kwa usiku mmoja alichozoea kuingiza kwa siku tatu. Siku ya 34 Bakari akatoka, akarudi salama. Ya 35 vivyo hivyo. "Nikajiona nimepona," alisema.

Siku ya 36, usiku wa kuamkia mfungo wa 27, alimpakia mama mmoja na mifuko mitatu kwenda Chumbageni. Bajaji ikakata kulia bila ishara. Bakari akashika breki zote. Hawakuanguka, hawakugusana na mtu. Ila alisikia "ta!" begani, kama kijiti kikavu kinapovunjwa cha kuwashia moto, na mkono wa kushoto ukamwisha nguvu kwenye klachi. Akaisimamisha pikipiki kwa mkono wa kulia. Yule mama hakujua kilichotokea. Aliteremka akalalamika kwamba bado hajafika.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Bakari alijipima kwa klachi. Aliiminya chumbani mara hamsini, haikumuuma, akahesabu amepona. Klachi huminywa na vidole, na vidole havikuwa na tatizo. Kinachoupima mtulinga ni breki. Ukifunga ghafla, mwili wako unakwenda mbele na mikono miwili ndiyo inayouzuia. Abiria naye anakuja mbele, kifua chake kinagota mgongoni kwako, na uzito wake unaongezeka juu ya wako. Wote huo unapita kiganjani, kiwikoni, begani, na kutoka begani kwenda kifuani daraja la mfupa ni moja tu, mtulinga. Mengine yanayoushika mkono na kiwiliwili ni misuli.

Na daraja lenyewe lilikuwa bado halijamwagwa zege. Mfupa ukivunjika, kwanza damu huganda pale, kisha hujengeka tishu laini kama gegedu, wanayoiita kalasi, na ndipo chokaa huingia taratibu mpaka pawe mfupa. Kalasi laini inatosha kuzuia vipande visisuguane, na vikiacha kusuguana maumivu hupungua sana. Wiki ya nne au ya tano mtu hajisikii mgonjwa, ilhali kilichoshika vipande vyake hakiwezi kubeba breki moja ya dharura.

Kupasua au kusubiri

Eksirei ya pili ilionyesha vipande vimepandana takriban sentimita moja na nusu. Daktari wa mifupa aliishika dirishani, akatuonyesha kivuli chepesi kama wingu pembeni mwa mvunjiko. Hiyo ndiyo kalasi ya wiki tano, na katikati yake palikuwa na ufa mpya. Damu na hisia mkononi zilikuwa salama.

Alitupa njia mbili bila kuipigia debe yoyote. Ya kwanza ni kufungua na kuweka chuma. Faida yake ni kwamba mfupa haukatai kuunga mara kwa mara kama unaposubiriwa. Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2007 kwa watu wazima waliovunjika katikati na vipande kuachana kabisa: kati ya 49 waliofungwa mkono tu, 7 mfupa haukuunga, na kati ya 62 waliopasuliwa ni 2. Hasara zake ni kidonda, uwezekano wa maambukizi, ganzi chini ya kovu, na chuma chenyewe kukaa chini ya ngozi nyembamba mpaka mtu anataka kitolewe, yaani operesheni ya pili. Njia ya pili ni kuanza upya kufunga mkono na kuhesabu wiki kutoka sifuri.

Mke wa Bakari ndiye aliyeuliza swali lililokuwa na maana kuliko yetu: "Akipasuliwa, ataendesha lini?" Jibu lilikuwa kwamba hata chuma kikiwepo, kubeba abiria si jambo la wiki mbili tatu. Mfupa unataka muda wake. Hapo faida ya haraka ikapungua uzito, na kwa kuwa kupandana hakukufika sentimita mbili na ngozi ilikuwa salama, Bakari akachagua kusubiri. Tukawekeana sharti: wiki ya 12 ikifika bila dalili ya kuunga, habari ya chuma inarudi mezani. Sigara ziachwe, kwa maana mvutaji yumo kwenye kundi linalojulikana sana kwa mifupa isiyounga. Kuchuliwa basi.

Hesabu

Nilikuwa nimejiandaa kumpa mazoezi yaleyale kwa sauti kali zaidi. Bakari akanikatiza. "Dokta, mazoezi nayajua. Nieleze hesabu."

Ndipo aliponionyesha karatasi ya mkataba, imekunjwa mara nne, ina alama ya mafuta ya mnyororo. Nilisoma kile kifungu cha wiki mbili nikajiona mjinga. Tangu siku ya 10 nimekuwa nikitibu bega la mtu ambaye kila usiku anahesabu siku za kunyang'anywa chombo alichokilipia miezi tisa.

Tulikwenda kwa Mwalimu baada ya Idi, mimi, Bakari na mwenyekiti wa kijiwe. Si kazi yangu kwa karatasi, lakini nilikwenda.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba wanangu. Huyu mgonjwa mbona mmemleta, si mngeniita?"

Nikamweleza kwa ile picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akamgeukia Bakari: "Na wewe kwa nini hukuniambia kama umevunjika? Ulisema umeteguka."

Bakari akainamisha kichwa. Kumbe alimwambia ameteguka ili asionekane hana matumaini. Mwalimu alikuwa akisubiri mtu wa wiki moja mbili, kwa hiyo kila wiki iliyoongezeka alimwona mkaidi.

Makubaliano yalichukua chini ya saa moja. Pikipiki apewe deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, anayejulikana na kijiwe, mwenye leseni, na mwenyekiti amdhamini. Deiwaka apeleke 12,000 kwa siku: 10,000 hesabu ya Mwalimu, 2,000 ya Bakari. Kubadilisha oili ni juu ya deiwaka, na Bakari ana haki ya kuikagua pikipiki kila Ijumaa. Deni la 300,000 lisogezwe mwisho wa mkataba, yaani wiki tano za ziada. Na liandikwe kwamba deiwaka hana mkataba na Mwalimu. Mstari huo Bakari aliomba usomwe kwa sauti mara mbili.

Shilingi 2,000 kwa siku hazilishi nyumba. Mkewe alikuwa na biashara ya vitumbua asubuhi, na mfuko wa kijiwe ukatoa kidogo. Walibana. Lakini hofu ya kupoteza chombo ilitoka, na kwa jinsi nilivyoona, hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa nje na bega bovu kuliko njaa yenyewe.

Kurudi barabarani

Hesabu ya wiki ilianza upya kutoka siku ya bajaji. Wiki sita za kwanza mkono haukupita usawa wa bega. Wiki ya 6 eksirei ikaonyesha kalasi nene. Wiki ya 7 alikuja kliniki kwa baiskeli, amefurahi, akaniambia baiskeli si pikipiki. Hapa Tanga baiskeli ni kama viatu, mtu haihesabu kuwa chombo. Nikamwambia aishike usukani na kuegemea mbele kama anayepanda kilima, kisha aniambie uzito anausikia wapi. Akarudi nyumbani kwa miguu, baiskeli akiisukuma.

Wiki ya 9 kubonyeza pale palipovunjika hakukumuuma, na mkono ulipanda hadi juu kabisa. Huko nyuma ningeishia hapo. Safari hii tuliendelea na mazoezi ya nguvu: kusukuma ukuta, kisha ukingo wa meza, kisha kiti, mpaka sakafu. Wiki ya 12 eksirei ikaonyesha mfupa umevuka kutoka kipande hadi kipande.

Ndipo tukafanya jaribio ambalo sijalisoma kwenye kitabu chochote, tulilibuni uani. Pikipiki imezimwa, imesimamishwa kwa stendi ya katikati. Bakari akakaa, akashika usukani. Mimi nikakaa nyuma kama abiria, kilo zangu 78, na kila nikihesabu tatu namsukuma mgongoni kwa kifua huku yeye amekaza mikono. Mara kumi. Nilikuwa nikiuangalia uso wake kwenye kioo cha pembeni. Mara ya kwanza na ya pili alikunja midomo kabla sijamgusa. Hiyo ilikuwa hofu. Kufikia ya sita uso ulitulia.

Wiki ya 12 na ya 13 aliendesha peke yake, mchana, bila mzigo. Wiki ya 14 akabeba abiria mmoja. Magunia na safari za Pongwe alingoja hadi ya 16. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, nilimkataza kabisa, ingawa hilo halihusiani na mtulinga.

Matokeo

Mfupa umeunga. Una kinundu kinachoonekana shati likiwa jepesi, na bega la kushoto limekuwa fupi kidogo kuliko la kulia. Mkono unapanda wote na nguvu imerudi. Mkanda wa begi unamkera, kwa hiyo hulivaa kulia. Sigara hajaacha, amepunguza hadi mbili kwa siku, na anakiri hilo bila kuulizwa. Pikipiki bado iko mikononi mwake.

Angesubiri tangu mwanzo, angerudi barabarani karibu wiki ya 12. Kwa kutoka wiki ya tano, alimbeba abiria wa halali wiki ya 19 tangu aanguke. Usiku tatu za kumi la mwisho zilimwingizia 64,000.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni yale makubaliano sebuleni kwa Mwalimu, na yalichelewa wiki tano. Kama yangefanyika wiki ya kwanza, sidhani kama pangekuwa na mvunjiko wa pili. Sisemi kila tajiri ni Mwalimu. Wapo watakaokuja na funguo za akiba siku ya tatu. Lakini hata huyo, ni afadhali ajulikane mapema kuliko kuogopwa gizani.

Kukandwa kulidhuru, ila simlaumu mama yake wala yule mzee. Hakuna aliyewaambia wasifanye. Daftari lilisema "apumzike", neno ambalo kila mtu hulijaza anavyojua, na kwa mama, kumkanda mwana ndiyo kumpumzisha. Tungeandika: usichuliwe, usiinue mkono juu ya bega, usiendeshe chochote chenye usukani.

Diklofenaki sina ugomvi nayo siku za mwanzo. Tatizo ni kuinywa ili kutoka kazini, kwa sababu inakizima kile ambacho mimi mwenyewe nilimwambia akitumie kama kipimo.

Na hapo narudi kwenye sentensi yangu. Maumivu ni shahidi mzuri wa siku za kwanza, na shahidi mbovu kuanzia wiki ya nne. Nilimpa Bakari kipimo kisichofaa, kwa haraka, mgongo wake ukiwa mlangoni. Siku hizi nasema wiki, nasema picha, nasema na jaribio, na mgonjwa ananirudishia kwa maneno yake kabla hajavaa shati.

Kwenye kadi zetu nimeongeza mistari miwili kwa kalamu, maana zilizochapishwa hazina nafasi: chombo ni cha nani, na hesabu ni shilingi ngapi. Wa kwanza kuulizwa alikuwa muuza samaki wa Deep Sea aliyeanguka na baiskeli. Alicheka. Akasema baiskeli ni yake mwenyewe, ila tenga na samaki waliokuwemo ni vya mtu.